Folda ya Sauti

Jumatatu, 9 Februari

Nimefika saa moja na nusu. Nimefagia, nimechemsha maji ya chai, nimeweka spika za masikioni. Dakika tano za sauti ya Baba Neema, mume wangu, kabla Mzee hajaingia. Leo nimefungua rekodi ya Nyegezi, kiwanja cha wale ndugu wawili waliogombea mpera. Anasoma namba za mawe ya mpaka, anakohoa, anamfukuza mbuzi wa watu asikanyage kamba. Kisha anasema, "Mama Neema, andika," na namba zinaendelea.

Miaka kumi na moja tulifanya kazi hivyo. Yeye mpimaji, uwandani na udongo mikononi, anaongea na simu. Mimi hapa mezani, naandika. Alichosema kilipanda kwenye wingu la mtandaoni na kuingia folda moja iliyoitwa Sauti, nami nikakikuta kwenye kompyuta yangu. Miezi tisa tangu tumzike kwao Majita, bado namkuta hapa.

Saa nne zimeletwa kompyuta mpya. Tatu, nyembamba kama sahani. Mzee Masanja, mwenye ofisi, amefungua maboksi kwa kisu chake cha mfukoni na kukataa msaada. Moja yake, moja yangu, ya tatu ya mpimaji atakayeajiriwa. Sijauliza atakaa wapi. Chumba cha ndani kina kiti kimoja tu, cha Baba Neema.

Za zamani inapewa shule moja ya sekondari upande wa Bujora. Mzee ameshaahidi. Wanazifuata Alhamisi.

Jumanne, 10 Februari

Programu ya wingu imekataa kuingia. Nimetumia flashi ileile tuliyoitumia siku zote. Nikibonyeza, kinatokea kisanduku: haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii. Nimejaribu kwenye ya pili. Ya tatu. Jibu lilelile. Nimezima, nimewasha. Mzee ameniuliza kama nabonyeza vizuri. Nabonyeza vizuri.

Mchana amekuja Dada Prisca, fundi mwenye duka Mabatini. Mhaya wa Muleba, huanza kucheka kabla hajakaa. Amegeuza kompyuta, akasoma maandishi ya chini, akatikisa kichwa.

"Mzee, hizi prosesa zake, ubongo wenyewe, ni za aina mpya. Ni ukoo wa simu, siyo ukoo wa zile mlizozizoea."

"Kwa hiyo nimeuziwa simu?"

"Umeuziwa kompyuta nzuri, chaji inakaa kutwa. Ila programu yenu imeandikwa kwa lugha ya ukoo wa zamani. Humo ndani yumo mkalimani, programu nyingi atazitafsiria. Tatizo hii ya wingu inataka kuingia mpaka chumbani, na mkalimani mwisho wake sebuleni."

Mzee akasema yeye alilipia kompyuta, hakulipia sebule. Tumecheka wote. Nilipojisikia nacheka nikanyamaza.

Prisca anasema lipo toleo jipya lililotengenezwa kwa prosesa hizi. Lakini kwanza mfumo wenyewe wa kompyuta usasishwe, na huo ni mzigo mkubwa wa kuvuta. Mtandao wetu unakatika tangu juzi. Ametupa siku mbili tatu.

Ili kazi isisimame amehamisha ramani na faili za wateja kwa flashi, kutoka kompyuta yangu ya zamani kwenda mpya. Folda ya Sauti ameiacha. Ni kubwa, flashi imejaa.

"Hizo zipo kwenye wingu, mama. Programu ikikubali zitashuka zenyewe."

Yeye ndiye fundi. Nimeitikia.

Jumatano, 11 Februari

Umeme umekatika saa tatu, umerudi saa nane. Mzigo ulikuwa umefika katikati. Umeanza upya.

Mzee aliuliza kuhusu kompyuta ya chumba cha ndani, ya Baba Neema. Aliuliza taratibu, huku anaangalia dirishani. Imezimwa tangu siku ile alipotoka mapema akisema kichwa kinamuuma. Niliifunika kitenge changu cha kijani. Nikamwambia ichukuliwe pamoja na zingine, watoto wajifunzie. Nimeondoa kitenge, nimeipangusa vumbi mpaka kwenye mashimo ya nyaya. Sikuiwasha.

Kitenge nimekileta nyumbani, nimekifua. Nimechoka kama niliyelima.

Alhamisi, 12 Februari

Leo nimesafisha kompyuta za zamani. Kwetu Kisesa humrudishii jirani bakuli chafu, wala humpi mtu kitu chenye taka zako. Nikiwa mdogo mama alinirudisha kutoka nusu ya njia kwa sababu ya ukoko uliobaki kwenye sufuria ya watu. Kwa hiyo nimefuta yote. Barua, picha za sherehe ya ofisi, ramani, folda ya Sauti. Kilitokea kisanduku cha Kiingereza kirefu. Nikabonyeza ndiyo, kama ninavyobonyeza vyote. Ukurasa wa wingu ulikuwa wazi, pipa lake la taka limejaa. Nikalimwaga. Wanafunzi wasije wakasoma hati za viwanja vya watu. Nikasafisha na ya Mzee vilevile.

Ya tatu nimeshindwa. Nilichomeka waya, nikaweka kidole kwenye swichi, nikakitoa, nikauchomoa waya na kuufunga fundo. Nikajiambia shule itanisamehe hiyo moja.

Saa saba likaja pikapu la shule. Mwalimu Kulwa anafundisha fizikia na ndiye mtunza chumba cha kompyuta. Mrefu, shati limeliwa na chaki. Amenipa shikamoo, ingawa tunakaribiana umri. Mzee ametoa hotuba fupi, tukapigwa picha tumesimama na zile kompyuta kama maharusi. Tumekula karanga. Wakaondoka.

Ijumaa, 13 Februari

Programu imekubali. Saa tano na robo. Prisca ameweka lile toleo jipya, mstari ukajaa taratibu, halafu alama ya wingu ikatokea chini karibu na saa. Mzee amepiga makofi.

Tukasubiri folda zishuke. Hakikushuka kitu.

Prisca akafungua ukurasa wa wingu. Mweupe. Akafungua pipa. Tupu. Mzee akashika kichwa, akaanza kutaja wateja mmoja mmoja kwa majina, mpaka Prisca alipomwonyesha kwamba ramani zote zimo kwenye kompyuta mpya, zile alizozihamisha Jumanne. Mzee akakaa. Akasema Mungu mkubwa, kazi ipo.

Prisca akaniangalia. "Mama Neema, kuna mtu kafuta hapa jana asubuhi. Na pipa kamwaga."

"Ni mimi."

"Ulifuta wapi?"

"Kwenye ile ya zamani. Ya wingu si iko kwenye wingu?"

Hakucheka. Akavuta kiti. "Wingu siyo ghala, mama. Ni kama kioo. Ukijifuta uso hapa, na yule wa kule anajifuta. Ilitakiwa nikwambie."

Mzee akasema sauti si shida, vipimo vyake vilishaingia kwenye ramani siku nyingi. Ni kweli. Hakuna kiwanja kilichopotea. Kilichopotea ni changu mimi peke yangu. Rekodi mia nne na kitu. Nilikuwa nasikiliza dakika tano tano ili zisiishe haraka.

Prisca akauliza kama kuna kompyuta nyingine iliyokuwa na folda ile. Nikasema ya marehemu. Akauliza iliwashwa lini mara ya mwisho. Nikamwambia. Akasimama.

Anasema kompyuta iliyozimwa haijapata habari ya kufuta. Huenda bado inazo. Lakini ikiwashwa mahali penye mtandao, dakika moja tu, itaipokea amri yangu na kuitii. Tumempigia Mwalimu Kulwa. Hapatikani.

Nimefanya nini mimi.

Jumamosi, 14 Februari

Nimempigia mara kumi na moja. Hapatikani. Mzee amenipa namba ya mlinzi wa shule. Mlinzi anasema mwalimu kaenda msibani Magu, ufunguo wa chumba cha kompyuta kaenda nao. Nikamuuliza kama kompyuta zimewashwa. Akasema, "Mimi nalinda mlango, mama. Vya ndani anajua mwenye ufunguo."

Nilimwomba Mzee nikairudishe ile moja. Hajapenda.

"Kitu umeshatoa, na picha tumepiga. Nikienda kunyang'anya shule kompyuta nitaonekana mtu wa namna gani?"

Yuko sahihi. Mimi mwenyewe ningemsema mtu wa hivyo. Baadaye, nimeshashika mkoba, akaniita. "Jumatatu nenda. Wahi asubuhi. Lakini usirudi nayo."

Nimepika ugali wa mtu mmoja. Umebaki. Bado sijajua kipimo.

Jumapili, 15 Februari

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa natafuta kichwani sauti yake akisema neno moja tu, "ishirini." Alikuwa analivuta katikati, kwa lafudhi ya Kijita. Nikalipata, likaponyoka. Nimeogopa. Kama miezi tisa tu inafanya hivyo, miaka mitano itafanya nini.

Nilipotoka simu ikaita. Mwalimu Kulwa, kutoka Magu. Nimemweleza nimesimama juani, karibu na baiskeli za watu. Kwanza hakuelewa. Alidhani tunadai kompyuta.

"Hapana mwalimu. Naomba tu usiiwashe ile ya marehemu mume wangu, yenye alama ya rangi nyeupe ubavuni."

"Sasa mama, Alhamisi jioni niliwasha mbili, nikaziunganisha na mtandao wa simu yangu nione kama zinafanya kazi. Yenye rangi nyeupe... ngoja. Niliwasha ya Mzee. Halafu nikawasha... hebu ngoja kwanza."

Nikangoja. Nyuma yake watu wanaimba nyimbo za msiba.

"Sikumbuki, mama. Ningekudanganya."

Nina hasira na mtu ambaye hajanikosea kitu. Tena yuko msibani.

Neema amepiga kutoka chuoni Dodoma. Ameuliza mbona sauti yangu iko hivyo. Nimesema mafua. Sijamwambia. Zilikuwa za baba yake pia, na sikuwahi hata kumpa moja.

Jumatatu, 16 Februari

Nimekwenda na Prisca. Amefunga duka asubuhi yote, hakutaka kusikia habari ya malipo. Tulishuka Kisesa tukachukua bodaboda mbili. Mwalimu Kulwa alikuwa mlangoni na ufunguo mkononi, macho mekundu ya safari. Nilimpa pole ya msiba, naye akanipa pole ya mume. Kisha akasema, kwa upole, kwamba mkuu wa shule ameshauliza kama kweli ofisi imebadili mawazo.

"Hatujabadili," nikasema. "Kompyuta ni yenu. Naomba kuchungulia tu."

Ya Baba Neema ilikuwa ya mwisho ukutani. Waya wake ulikuwa bado umefungwa fundo lilelile nililofunga mimi, mizunguko miwili na kuchomeka ncha. Nikamwonyesha Prisca. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Haikuwa imeguswa.

Prisca akamwambia mwalimu azime simu kabisa.

"Hapa mtandao wenyewe mpaka upande kwenye kile kichuguu," mwalimu akasema.

"Alhamisi ulipanda kichuguu na kompyuta?"

"Alhamisi kulikuwa na upepo mzuri, mtandao ulifika mpaka humu."

"Basi zima, mwalimu. Tusimwamini upepo."

Akazima. Tukawasha. Nywila niliijua, jina la kijiji chao na mwaka aliozaliwa Neema. Ikafunguka na picha yangu. Nimeshika fimbo ya kupimia, nimevaa kofia yake, nacheka mdomo wazi. Sikujua kama aliiweka. Mwalimu akageuka kuangalia ubao.

Folda ilikuwepo. Majina yote mia nne na kitu, mstari baada ya mstari. Nyegezi, Igoma, Kayenze, Busisi. Nikakaa chini. Nikabonyeza ya Nyegezi. Haikufunguka. Nikabonyeza ya Igoma. Haikufunguka.

Prisca akasogea, akakagua orodha. Akanionyesha alama ndogo pembeni ya kila jina. Baba Neema alikuwa amechagua kuokoa nafasi. Penye alama ya wingu, hapa lipo jina tu, rekodi yenyewe ilikuwa kule nilikofuta. Penye tiki ya kijani ipo yenyewe, kwa sababu aliwahi kuifungua mwenyewe kwenye kompyuta hii.

Tumehesabu tiki. Kumi na tisa.

Tukafungua ya kwanza. Upepo. Upepo mtupu wa ziwani, na sauti yake kwa mbali kama mtu aliye ng'ambo. Ya pili, mvua juu ya bati. Ya tatu, honi ya kivuko cha Busisi, kabla ya daraja, inameza sentensi nzima. Prisca akasema faili zimeharibika. Hazijaharibika. Nimezijua zote. Ni zile nilizoshindwa kuziandika. Nilipokuwa sisikii niliweka nukta nne, nikaita kuelekea chumba cha ndani, "Baba Neema, hapa sikupati." Naye alifungua ya kwake, akaisikiliza, akaja na jibu mpaka mezani kwangu. Nyingine alikuja nayo akilalamika kwamba masikio yangu yamejaa pamba.

Hakuwa na haja ya kufungua zile nilizozisikia vizuri.

Kwa hiyo nimebakiwa na zile mbaya. Nimelia kidogo mbele ya watu, siyo sana. Mwalimu alileta maji kwenye kikombe cha bati. Prisca alinakili zote kumi na tisa kwenye flashi mbili, na ile picha. Nikaomba ninakili pia majina ya zilizopotea kwa mkono. Mwalimu Kulwa akanipa kalamu, akakaa upande wa pili, akawa ananisomea. Hatukumaliza mpaka kengele ya mapumziko.

Kisha nikaisafisha ile kompyuta. Polepole. Ilipokuwa tupu nikamkabidhi.

Jumanne, 17 Februari

Mzee hakuniuliza mpaka mchana. Akauliza, "Umezipata?" Nikamwambia kumi na tisa. Akatikisa kichwa, akaenda kusimama kwenye mlango wa chumba cha ndani. Aliporudi aliniomba nimsikilizishe moja. Nikampa ya mvua. Alisikiliza mpaka mwisho, spika zimekaa vibaya kwenye masikio yake makubwa. Alisema, "Hapo alikuwa na homa. Nilimwambia asiende." Sikuwahi kujua hilo.

Prisca amepita kuangalia kompyuta ya tatu. Programu imekubali na kule. Prosesa hazina neno, anasema, sasa kila kitu ni cha ukoo mmoja. Ameniuliza kama aziweke zile kumi na tisa kwenye wingu. Nimemjibu aziweke. Na flashi moja kabatini, nyingine kwa Neema. Nimempigia Neema nikamweleza yote. Akauliza, "Ya kivuko ipo?" Alikuwa naye siku ile, likizo ya darasa la sita. Nikamwambia ipo.

Sina hasira tena na mtu. Na mimi mwenyewe, kidogo bado.

Jumatano, 18 Februari

Majivu leo. Nimepakwa misa ya asubuhi, jasho limeyafuta kabla ya saa nne.

Mpimaji mpya ataanza Jumatatu. Nimeingia chumba cha ndani, nimefagia, nimegeuza meza itazame dirisha. Kiti nimekiacha kilekile.

Kazi haikuwa nyingi. Mzee alikwenda Igoma. Nikafungua ukurasa mpya kwenye kompyuta mpya, nikaweka spika masikioni, nikafungua moja ya Busisi, ile yenye upepo. Kiwanja kile kilishapata hati zamani, hakuna anayehitaji niandike. Nimeandika. Jiwe la kwanza mpaka la sita nimeyapata yote, kwa kurudia. Jiwe la saba anataja mita, upepo unapita juu yake. Nimerudisha nyuma mara tano. Huenda ni kumi na nne. Huenda ni arobaini.

Nimeweka nukta nne. Nikaenda jiwe la nane.